Sarafu ya kumbukumbu hailipi deni

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi akaweka tumboni mwake chuma, shaba, fedha na dhahabu ili waja wake wanufaike. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, siku chache zilizopita, tulipokuwa tumetoka kuswali Adhuhuri hapa Arusha, alinifuata kijana mmoja anayefanya ubroka wa mawe. Alifungua kitambaa akanionesha sarafu ya manjano, kuukuu, iliyochongwa taji upande mmoja, na juu yake mwaka 1916 na herufi T. Aliuziwa kwa maelezo kwamba ni dhahabu ya Wajerumani. Nilimwambia kwa upole kwamba ile ni heller 20 ya shaba ya manjano, na kwamba alipokuwa akitoa fedha zake angeuliza kwanza. Alicheka kwa uchungu, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: “Mzee, hata hivyo si kitu cha kumbukumbu? Hata sisi wa tanzanite tungepigiwa sarafu yetu. Mwaka 2027 ni mwaka wa 60 tangu jiwe ligunduliwe.”

Sikumjibu pale pale. Nimeona nimjibu leo kupitia ukurasa huu, kwa kuwa swali lake si la kijana mmoja. Linazihusu familia zetu nyingi za Arusha, Mererani na vitongoji vya chini ya Mlima Meru, ambazo ugali wa kila siku umetokana na vitu vilivyochimbwa ardhini. Swali lenyewe ni hili: inapopigwa sarafu ya kuadhimisha ugunduzi wa madini, anayekumbukwa ni nani? Na je, kukumbuka kunatosha?

Sarafu za Tabora

Tuanze na ile heller ya kijana wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilizifunga bandari za koloni la Wajerumani, fedha zikawa haziingii kutoka Ulaya. Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, na ile herufi T ndiyo alama ya Tabora. Kwa heller za shaba waliyeyusha hata maganda ya risasi na ya mizinga. Ndiyo kusema kwamba kile alichouziwa kijana kama dhahabu huenda kilikuwa ganda la mzinga kabla ya kuwa sarafu.

Lakini karakana hiyo hiyo ilipiga pia sarafu ya dhahabu ya kweli: rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, na upande wa pili tai wa Dola ya Ujerumani. Zilipigwa takriban elfu kumi na sita, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji wa Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, katika Mkoa wa Singida wa leo, ambako madini hayo yaligunduliwa mwaka 1909. Sarafu hiyo haikutolewa kwa ajili ya kuadhimisha ugunduzi wa Sekenke. Ilitolewa kwa dhiki ya vita. Lakini leo hakuna kumbukumbu ya dhahabu ya Sekenke iliyo mashuhuri duniani kuipita. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huigombania katika minada.

Sasa itazame sarafu hiyo kwa jicho la haki. Tai yupo. Tembo yupo. Jina la koloni lipo. Yuko wapi aliyeshuka shimoni? Yuko wapi aliyebeba mawe, aliyeyatwanga na kuyaosha? Hayupo hata kwa ishara. Nasi watu wa Arusha tunaifahamu vizuri zama hiyo, maana Boma lililo katikati ya mji wetu, ambalo siku hizi ni makumbusho, lilijengwa mwaka 1900 kwa jasho la Waarusha na Wameru waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Wakoloni waliwatoza wenyeji kodi ya nyumba, na ili mtu apate rupia ya kulipa kodi ilimbidi akauze nguvu zake. Rupia ilimtoa mtu shambani kwake kisha ikarudi kwa yule yule aliyeipiga.

Sisi pia tujitazame

Asije mtu akadhani kwamba kosa hili ni la Wazungu peke yao. Mwandishi mwadilifu huanza na nyumba yake. Kilwa yetu, mji wa Kiislamu uliosifika katika Bahari ya Hindi, ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya Wajerumani. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, alipewa lakabu ya Abul Mawahib, yaani mtu wa vipaji na ukarimu, na msafiri huyo ameeleza jinsi alivyokuwa akitenga khumsi ya ngawira na kuitumia katika njia zake za kisheria. Zimepatikana sarafu za dhahabu zenye jina la sultani huyo, chache mno. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka bara, ikapitia Sofala. Waliyoichimba huko bara hatuwajui hata mmoja kwa jina. Tunalijua jina la sultani kwa sababu sarafu imelibeba.

Na katika historia ya Uislamu lipo funzo jingine lililo tofauti. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, katika mwaka wa 77 wa Hijra, alitoa dinari mpya isiyo na picha ya mfalme. Juu yake yaliandikwa maneno ya tauhidi na mwaka wa kupigwa, basi. Hata jina la Khalifa mwenyewe halikuwamo. Zingatieni jambo hili, enyi ndugu: mtu aliyemiliki dola kutoka Khurasani hadi Afrika ya Kaskazini aliitoa dhahabu bila ya kujitaja. Dinari ile ilikuwa na uzito wa gramu 4.25, na ndiyo msingi wa hesabu ya nisabu ya dhahabu tuliyonayo mpaka leo: dinari 20, sawa na gramu 85. Hivyo dinari ya Kiislamu haikuachwa kuwa chombo cha biashara tu. Ikawa pia kipimo cha haki ya maskini.

Aliyegundua na aliyeandikwa

Turudi kwenye tanzanite. Watasema baadhi ya wasomaji kwamba tanzanite ni jiwe, si metali. Ni kweli. Lakini rangi yake ya buluu inayowashangaza watu inatokana zaidi na metali iliyomo ndani yake kwa kiasi kidogo sana, iitwayo vanadiamu. Na kisa cha metali hiyo kinafanana na kisa cha jiwe letu kwa namna ya ajabu.

Mwaka 1801, huko Mexico, mtaalamu aitwaye Andrés Manuel del Río aligundua metali mpya ndani ya jiwe la risasi. Mkemia mmoja wa Ufaransa akaipima sampuli yake akasema hakuna jipya, ni kromiamu tu. Del Río akakubali, akaifuta kauli yake. Mwaka 1830 Msweden, Nils Gabriel Sefström, akaikuta metali ile ile katika chuma cha kwao, akaipa jina la mungu wa kike wa makafiri wa kale wa huko, na jina hilo ndilo lililodumu. Haukupita muda ikathibitika kuwa del Río alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Haki ya ugunduzi ikamrudia vitabuni, lakini jina alilokuwa ameipa metali yake halikurudi tena.

Sasa sikilizeni cha kwetu. Mwezi Januari 1967, Mzee Jumanne Ngoma aliokota mawe ya buluu huko Mererani, eneo ambalo wakati ule lilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha na tangu 2002 limo katika Mkoa wa Manyara. Mwaka huo huo Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyeishi hapa Arusha, alisajili eneo la uchimbaji, na kwa miaka mingi vitabu vya nje vikamtaja yeye kuwa mgunduzi. Wengine walimtaja Mmasai mmoja, Ali Juuyawatu. Mwaka 1968 duka kubwa la vito la New York, Tiffany, likalipa jiwe jina la tanzanite na kuliingiza sokoni. Kwa hiyo jina la nchi yetu lilibandikwa juu ya jiwe letu na mwenye duka wa ng’ambo.

Mzee Ngoma alipewa cheti na zawadi ya fedha kidogo katika miaka ya 1980, kisha akasahaulika. Mwezi Aprili 2018, Rais John Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 unaouzunguka mgodi wa Mererani, alimtambua hadharani mzee huyo, aliyekuwa amedhoofu kwa maradhi, na kumpa shilingi milioni 100. Mapema mwaka 2019 mzee akafariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kutoka 1967 hadi 2018 ni miaka 51. Tunaishukuru heshima ile, nayo ilikuwa ya haki. Lakini tujiulize kwa ukweli: mtu aliyengoja haki yake kwa miaka 51, akaipata akiwa mgonjwa, amebakiwa na siku ngapi za kuifaidi?

Nchi nyingine zimewatukuza wagunduzi wao kwa sarafu. Ufaransa, mwaka 1984, ilitoa sarafu ya faranga 100 yenye sura ya Marie Curie, ilipotimia miaka 50 tangu afariki. Huyo ndiye mama ambaye pamoja na mumewe Pierre waligundua radiamu na poloniamu mwaka 1898. Alistahiki. Lakini katika miaka ya 1920 radiamu iliyouzwa duniani kwa wingi ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo, ambako watu walichimba mawe yenye sumu ya mionzi. Hao hawana sarafu.

Kupunja kwa aina mbili

Ndugu Waislamu, Qur’ani Tukufu imetueleza kisa cha Nabii Shuaib (A.S.) aliyepelekwa kwa watu wa Madyana. Aliwaonya watimize vipimo na mizani, na zaidi ya hapo wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wanazuoni wa tafsiri wamezingatia upana wa neno hilo, “vitu”: linaingia kila alichonacho mtu, kiwe kikubwa au kidogo, cha mali au cha sifa. Kumpunja mtu kilo ya mchele ni dhuluma. Kumpunja sifa ya kazi yake nako ni dhuluma.

Lakini kinyume chake pia ni kweli, na hapa ndipo ninapomjibu kijana wangu. Kumpa mtu sifa huku umemnyima ujira wake ni kumpunja vile vile. Mererani wachimbaji, wanaapolo kama wanavyojiita, wengi wao hawalipwi mshahara. Hupewa chakula na kungoja mgawo siku jiwe litakapotoka, na jiwe laweza lisitoke mwaka mzima. Mwezi Machi 2008 mvua kubwa iliyafurika mashimo na makumi ya vijana wakafia chini. Wengine katika jamaa zao bado wako miongoni mwetu. Miaka ya nyuma hata watoto wadogo walipenyezwa kwenye mashimo membamba, wakaitwa “nyoka”. Mjane wa mtu kama huyo ukimwonesha sarafu nzuri yenye picha ya sururu na jiwe, atakuuliza swali moja tu: ninunue nini nayo?

Wapo watakaosema kuwa sarafu ya kumbukumbu hujenga fahari ya taifa na kuwafundisha watoto historia. Sipingi. Bahati ya pekee ya mwaka 2020, pale Saniniu Laizer alipopata mawe mawili makubwa, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, na kuiuzia Serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, iliwafurahisha Watanzania wote, na si vibaya furaha kama hiyo kuandikwa mahali isipofutika. Ninachosema ni kwamba sarafu ya kumbukumbu hailipi deni. Ikitangulia malipo inakuwa pazia. Ikifuata baada ya malipo inakuwa shukurani. Kwa hiyo, ikiwa wahusika watapiga sarafu ya tanzanite, rai yangu ni mbili: majina ya waliogundua yaandikwe bayana, na faida ya kuiuza kwa wakusanyaji iende kwa wajane, mayatima na waliovunjika viungo migodini.

Sarafu zilizo sandukuni mwetu

Baada ya kuwaonya wakubwa, tugeukie majumba yetu, maana huko amri ni yetu wenyewe. Familia nyingi zina pauni ya dhahabu iliyotoka kwa bibi, au sarafu ya Afrika Kusini iliyonunuliwa wakati biashara ya mawe ilipochanganya, au sarafu ya kumbukumbu aliyopewa baba kazini. Imefungwa kitambaani, ikawekwa chini ya nguo. Kila mwaka inatazamwa, inafutwa vumbi, inarudishwa. Tunaiita kumbukumbu, na kwa kuiita hivyo tunasahau kwamba ni mali.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, pambo la halali analovaa mwanamke halina zaka katika kauli iliyo na nguvu, ilhali Mahanafi wanaona lina zaka. Lakini dhahabu iliyofichwa tu bila kuvaliwa si pambo. Ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijra, humo mna haki ya maskini, nayo ni fungu moja katika arubaini. Hesabu si ngumu. Sarafu moja ya Krugerrand ina gramu 31.1 za dhahabu safi, basi tatu zimeshavuka gramu 85. Pauni ya Kiingereza ina gramu 7.3 kwa kukaribia, basi 12 zinafika. Hata ile rupia 15 ya Tabora, kwa kuwa robo yake si dhahabu, ina gramu 5.4 tu za dhahabu safi, na anayemiliki 16 amefikia nisabu. Na hujumuishwa pamoja na dhahabu nyingine ya akiba, haziangaliwi moja moja.

Wenye migodi nao wana hukumu yao. Dhahabu na fedha zinazotolewa mgodini, kwa kauli mashuhuri ya Mashafi, hutolewa zaka zikifika nisabu bila kungoja mwaka, na Mahanafi wamesema humo mna khumsi. Vito kama tanzanite, kwa wanazuoni wengi, havina zaka kwa dhati yake, lakini broka anayenunua ili auze amekwisha kuvifanya bidhaa, na bidhaa ina zaka ya biashara kila mwaka kwa thamani ya soko. Kila mtu na amwendee sheikh wa mtaa wake akamweleze hali yake kwa ukweli, bila ya kuficha kitambaa.

Na aliye na wafanyakazi asisubiri jiwe kubwa. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka yanajulikana hata na watoto wa madrasa. Ikiwa makubaliano ni ya mgawo, yaandikwe, yashuhudiwe, na mafungu yajulikane kabla mtu hajashika kamba ya kushukia shimoni.

Enyi kina baba na kina mama, jioni ya leo toeni hicho kilicho kitambaani mkiweke mkekani mbele ya watoto. Waelezeni kilitoka wapi na nani alikichimba, kama mnamjua. Kisha kipimeni pamoja nao. Mtoto atakayeona wazazi wake wakiipima dhahabu kwa ajili ya maskini hatohitaji sarafu ya kumkumbusha.

Na wewe kijana wa ubroka, ihifadhi heller yako. Si dhahabu, lakini imekufunza kuuliza kabla ya kununua, nami imenifunza la kuandika. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliofia mashimoni, azitakase mali zetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza mizani. Amin.

Wabillahi tawfiq.